Lipu ya Chumba cha Baba

Mtu mwenye akili timamu akirudi kwenye nyumba iliyojaa tope anaanzia mlangoni. Anasukuma tope la sebule nje, anajitengenezea njia, ndipo anaingia vyumbani. Hilo halihitaji shule. Sasa niambie, kwa nini wifi yangu Bupe aliruka sebule, akaruka jiko, akaruka hata chumba cha watoto wake mwenyewe, akaenda kuchuchumaa na ndoo ya sabuni kwenye chumba cha baba yangu?

Hivyo ndivyo nilivyomkuta Jumatano asubuhi, siku ya tatu tangu mto Mbaka utapike maji bondeni. Nilikuwa nimeshuka kutoka kwangu Tukuyu na gambuti, koleo na reki mbili. Sebuleni tope lilinifika magotini. Kochi lilikuwa limepanda juu ya friji, na gunia la mpunga lilishaanza kuota. Nikamsikia kabla sijamwona. Brashi ilikuwa inakwaruza ukuta huko nyuma, haraka haraka.

"Bupe! Unafanya nini humo?"

Brashi ikanyamaza. "Nasafisha, wifi."

"Kusafisha nakuona. Nauliza kwa nini umeanzia humo."

"Tope la humu ndilo linanuka zaidi."

Uongo mtupu. Nyumba nzima ilinuka sawasawa, choo na dizeli na samaki waliokufa. Nikaingia, nikamnyang'anya brashi. Alikuwa amesugua kuanzia dirishani mpaka kwenye kichwa cha kitanda, na ukuta ulikuwa umebaki mweupe, unang'aa, umekufa. Kilichobaki na tope ni kipande cha upande wa mlango tu, kama upana wa mikono miwili iliyonyooshwa. Nikamtazama usoni. Hakunitazama.

Nikajua papo hapo kwamba huyu mwanamke anaficha kitu.

Kwa msiokaa bondeni, niwaeleze. Baada ya yale mafuriko makubwa ya mwaka elfu mbili na sitini na moja, mradi mmoja ulipita nyumba kwa nyumba ukipiga lipu mpya. Wenyewe waliiita lipu hai. Ndani yake mna nyuzi za uyoga, nyembamba kuliko unywele, na jua likiwaka sana unasikia harufu ya uyoga sebuleni. Nyuzi hizo zinasikia. Zinahesabu pumzi za watu waliomo ndani, zinapima maji yamefika wapi, kisha zinatuma habari mnarani. Mitumbwi ya uokoaji, ile inayojiendesha yenyewe, inajua iende nyumba gani kwanza. Nyumba fulani, watu wanne, mmoja hawezi kutembea. Ndivyo ilivyopaswa kuwa.

Jumatatu ile mnara wa lipu ulianguka kabla maji hayajafika kwetu, ukabaki ule wa simu tu. Lipu ilisikia kila kitu, ikakosa wa kumwambia. Na lipu iliyokosa wa kumwambia huwa inatunza. Tope likiifunika inalala na habari zake kwa siku nne, na mtu wa kata akija na kitambaa chake anaisoma. Ukiipaka sabuni kabla, umeiua. Kila mtu wa bondeni analijua hilo, na Bupe analijua kuliko mimi, maana yeye ndiye anayekaa humo.

Baba yangu, Mzee Asangalwisye, alikutwa chumbani humo Jumatatu jioni, amekufa maji. Mlango wa chumba ulikuwa umeng'olewa na mkondo, ukaokotwa kwenye mikakao ya jirani. Bupe na watoto wake wawili walikutwa juu ya paa, wazima. Mdogo wangu Gwakisa, mume wa Bupe, alikuwa Mbeya kikazi. Na Bupe alipoulizwa ilikuwaje, alisema neno moja tu, mbele ya maiti na mbele yangu.

"Nilichelewa."

Nilichelewa! Mzee aliyepooza mguu na mkono, yuko hatua kumi kutoka jikoni, wewe unachelewa?

*

Kuna jambo lazima niliseme hapa, maana ndilo lililonifanya nimshuku tangu mwanzo.

Huku kwetu Kyela mke wa mwana na baba mkwe hawaonani. Hawaketi chumba kimoja, hawapishani mlangoni, na mke hatamki jina la mkwewe hata kama analijua. Ndiyo maana chumba cha baba kilikuwa na mlango wake mmoja tu, wa nje, na chakula kilipelekwa na wajukuu. Familia nyingi zimeacha siku hizi, eti mambo ya zamani. Mimi sikuacha. Mimi ndiye mtoto wa kwanza, na heshima ya baba ilikuwa mkononi mwangu.

Mwaka jana baba alianguka bafuni. Bupe akaingia, akamwinua, akambeba mgongoni mpaka kitandani. Nilipopata habari nilishuka kutoka Tukuyu siku hiyohiyo nikiwa nachemka. Nikawakusanya akina mama wa ukoo, nikamsimamisha Bupe katikati ya uwanja, nikamsema mpaka nikakauka koo. Akaomba radhi kwa magoti. Akatoa jogoo, tukamla. Tangu siku hiyo tulikuwa tunasalimiana kwa meno.

Kwa hiyo nilipoona ule ukuta mweupe, nilijiambia: hiki ni kisasi. Nilimdhalilisha kwa ajili ya baba, naye akamwacha baba azame. Na sasa anaosha.

Simu? Ndiyo, Jumatatu alinipigia. Mara tatu. Niliona jina lake, nikaigeuza simu uso chini. Nilidhani anataka kuniomba jambo, nami sikuwa na hamu ya sauti yake. Hilo sikumwambia mtu.

*

Gwakisa alikuja mchana na toroli la kuazima. Tukafanya kazi bila kuongea. Yeye anachota kwa koleo, mimi navuta kwa reki, Bupe anasukuma maji nje kwa raba ya mpira. Tope la mto lina uzito wa ajabu, koleo moja unadhani umebeba mtoto. Bupe alifanya kazi kuliko sisi wote wawili, na hilo nalo lilinikera. Mtu asiye na hatia hana sababu ya kujiua na kazi namna ile.

Bamdogo Ambakisye, mdogo wake baba, alipita kutukagua. Hakuvua hata kofia.

"Kikao ni kesho saa tisa alasiri, hapa hapa uwanjani," alisema. "Mke wa Gwakisa atueleze kilichompata kaka yangu. Akishindwa kueleza, arudi kwao Ipinda."

"Na watoto, bamdogo?" Gwakisa aliuliza.

"Watoto ni wa ukoo. Wako kwangu tangu msiba, na watabaki kwangu."

Bupe alikuwa amesimama na raba yake mlangoni. Nilimwona tu vidole vikibana mpini mpaka vikawa vyeupe. Bamdogo akaondoka, na Gwakisa akanigeukia.

"Dada, wewe unamshuku?"

"Wewe humshuku?"

"Mimi sijui. Namuuliza, analia." Alijifuta jasho kwa mkono wenye tope, akajipaka uso mzima. "Tuache paoshwe tu. Kesho kutwa kuvu itakula kuta zote, tutakosa pa kulala."

"Paoshwe nini? Nimeshampigia msomaji wa kata. Anakuja kesho asubuhi. Kipande kile cha mlangoni kisiguswe na mtu."

Niligeuza ndoo chini juu, nikaikalia mlangoni mwa chumba cha baba. Mchana wote nilikaa pale kama askari wa benki. Gwakisa akazidi kuchota tope la jikoni, na kila Bupe alipopita na ndoo nilimfuata kwa macho mpaka atoke.

Saa kumi aliniletea sahani ya wali na dagaa. Aliiweka sakafuni mbele yangu, kisha akapiga magoti. Nikashtuka.

"Wifi, nakuomba. Acha nioshe kile kipande."

"Thubutu!"

"Nakuomba kwa jina la Mungu."

"Una nini cha kuficha, Bupe?"

"Sina changu cha kuficha."

"Kama huna, unalilia nini? Kesho ndiyo nafuu yako. Lipu itasema ulimfuata, au itasema ulimwacha. Wewe si ndiye unayejua?"

Alinitazama kwa mara ya kwanza siku ile. Sikuona chuki machoni, na hilo nalo nikalipa jina lake, nikaliita ujanja. "Watanirudisha kwetu," alisema, "sawa. Nitakwenda. Lakini usisome, wifi."

Hebu fikiria. Mwanamke yuko radhi kupoteza watoto wake ilimradi ukuta usisomwe. Ningekuwa mjinga wa namna gani hata nisimshuku? Wali ule sikuula, nikamwagia kuku wa jirani.

*

Msomaji alifika Alhamisi saa nne. Alikuwa mama mtu mzima kutoka Makete, Bi Chaula, mwembamba, ana kikohozi na ana haraka. Nyumba ishirini zilikuwa zinamsubiri. Alipoona ule ukuta uliosuguliwa alisonya.

"Nani kaua hii?"

"Wifi yangu."

"Mmh. Kila mwaka hivyo hivyo. Nyinyi watu wa Kyela mkiambiwa mgeni anakuja mnaosha kwanza nyumba. Nawaambia acheni tope, mnaniambia mtaona aibu mgeni akute uchafu." Akapapasa kipande cha mlangoni kwa kiganja. "Hapa bado inapumua. Bahati yako."

Akatoa kitambaa kizito, chenye ute kama wa bamia, akakibandika juu ya tope na kukikandamiza pembe zote. Akaunganisha waya na kisanduku chake. Tukasubiri. Taratibu ute ukabadilika rangi, ukawa wa manjano, kisha wa kahawia.

"Sikiliza utaratibu," alisema. "Nasoma, kisha mtoto wa kwanza wa marehemu anasikia peke yake. Ndiye wewe?"

"Ndiye mimi. Tupokigwe."

"Ukishasikia, unaweka dole gumba hapa. Ukiweka, sauti inakwenda kata, na ukoo unaruhusiwa kuisikia. Inakwenda yote. Hakuna kukata, hakuna kuchagua. Usipoweka, mimi napaka dawa, naandika kwamba lipu ilikutwa imekufa, basi. Hata mimi siisikii. Umeelewa?"

"Nitaweka. Sina haja hata ya kusikia kwanza."

"Utasikia kwanza," alisema, akanipa kidude cha sikioni, akatoka nje kukohoa.

Bupe alikuwa amesimama nje ya mlango. Nilimwona, nikamgeuzia mgongo.

Kwanza ni maji tu. Yananguruma kwa chini. Halafu miguu inakimbia majini, chubwi chubwi, na mlango unagongwa.

"Hodi humo! Maji yameingia! Naingia kukubeba!" Sauti ya Bupe, anahema.

"Usiingie, mkwe wangu." Baba. Ulimi wake ulikuwa mzito tangu apooze, lakini nilimsikia vizuri kama yuko kando yangu. Nikashika ukuta. "Mpigie Tupokigwe."

"Nimempigia mara mbili, hapokei."

"Mpigie tena. Akisema uingie, ingia."

Halafu nikaisikia simu yangu. Nilisikia ikiita upande wa Bupe, kwa nyuma ya mlango, ndani ya ule mngurumo. Ikaita. Ikaita. Ikaita mpaka ikakata yenyewe.

"Hapokei, baba."

Alimwita baba. Miaka tisa ya ndoa hakuwahi kumwita chochote.

"Watoto wako wapi?"

"Juu ya meza. Nakubeba kwanza wewe, kisha..."

"Wapandishe paani."

"Nitawapandisha, narudi kukuchukua."

"Usirudi." Akakohoa. Maji yalikuwa yanampiga kifuani nadhani, maana maneno yalikuwa yanakatika. "Mwaka jana ulinibeba, wakakusimamisha uwanjani. Nilikusikia unalia. Nilikuwa humu, dirisha liko wazi, nikakaa kimya. Binti yangu anakutukana kwa jina langu, mimi nimekaa kimya. Ukinibeba tena watakufanyia vilevile. Nenda kwa watoto wako."

"Mimi sijali! Naingia!"

Halafu chuma juu ya chuma. Komeo. Baba mwenyewe alisukuma komeo kwa ndani kwa ule mkono wake mmoja uliobaki.

Bupe akaupiga ule mlango. Alipiga kwa viganja, kisha kwa bega, kisha kwa kitu kizito, akilia "fungua, baba, fungua." Miguu ikaondoka. Miguu ikarudi, akapiga tena. Ikaondoka. Ikarudi. Mara tatu alirudi, na kila mara maji yalikuwa juu zaidi, mpaka mara ya tatu sikusikia tena miguu, nilisikia mtu anayeogelea vibaya. Baada ya hapo ni maji tu.

Nikakitoa kile kidude sikioni. Kikaniponyoka kwenye tope, nikapiga magoti kukitafuta, na nilipokipata nikashindwa kuinuka. Nililia pale pale chini, kwa sauti, bila haya.

Bupe aliingia akachuchumaa kando yangu. Hakunigusa.

"Ndiyo maana nilisema usisome," alisema.

"Ulikuwa unaosha kwa ajili yangu?"

"Si kwa ajili yako." Akafikiri kidogo. Alikuwa mkweli, hata pale. "Kwa ajili yake. Wewe ndiye aliyekuwa anakuita. Hakutaka mtu mwingine. Niliona kama watu wakisikia vile simu ilivyoita, watamwonea huruma, na yeye alichukia sana kuonewa huruma."

Bi Chaula akachungulia. "Mama, vipi? Dole au dawa? Nina nyumba ishirini."

Sasa nitasema ukweli, maana nimeshasema mengi. Nilitaka dawa. Moyo wangu wote ulitaka dawa. Nilianza hata kupanga maneno kichwani: lipu ilikutwa imekufa, lakini mimi mtoto wa kwanza namwombea Bupe kwa ukoo, namsamehe, abaki na watoto wake. Ningeonekana mtu mwema sana. Akina mama wangenisifu kwa moyo wangu mkubwa. Na simu yangu isingeita tena masikioni mwa mtu yeyote.

"Osha, wifi," Bupe alisema, taratibu. "Mimi kusimamishwa mbele ya watu nimeshazoea."

Hakusema kwa kunichoma. Laiti angesema kwa kunichoma, ningemjibu, tungegombana, ningepata pa kushika.

Nikamwuliza Bi Chaula, "Nikiosha, halafu nikawaambia mwenyewe kwamba hana kosa, watakubali?"

"Mimi sijui ukoo wenu." Akakohoa, akafuta mdomo. "Lakini ninavyojua watu, watakubali leo. Mtoto akiugua mwakani watasema, yule mwanamke tulimsamehe tu."

Nikaweka dole gumba.

*

Saa tisa walikuwa wamekaa wote uwanjani, wanaume kwenye viti vya plastiki, akina mama kwenye mikeka, tope limefagiliwa kando. Bi Chaula alituachia kisanduku na kipaza sauti. Nilikifungulia mimi mwenyewe.

Watu walisikiliza vizuri mpaka pale simu ilipoanza kuita. Hapo nikaona vichwa vinaanza kugeuka, mmoja mmoja, wakinitafuta. Gwakisa hakugeuka. Aliinamisha uso mikononi, na alipolisikia komeo aliguna mguno ambao sijawahi kuusikia kwa mwanamume. Bupe alikaa pembeni ya mkeka, miguu ameikunja, anatazama mikono yake.

Sauti ilipokwisha, bamdogo Ambakisye alivua kofia.

"Kaka yangu amesema kuna mtu alimsimamisha huyu mwanamke uwanjani," alisema. "Mimi sikuwepo mwaka jana. Ni nani huyo?"

Akina mama wakatazama mikeka yao. Wote walikuwepo, wote walikula yule jogoo, na hakuna aliyefungua mdomo. Wangeniachia. Wangesema mambo ya zamani tuyaache, na kikao kingekwisha.

Nikasimama, nikaenda katikati.

"Ni mimi, bamdogo. Na simu mliyoisikia ikiita ni yangu. Niliiona, nikaacha kuipokea."

Bamdogo alinitazama tu, kofia mkononi, na nilijua kwamba kuanzia siku ile hapo bondeni watanisalimia kwa kuwa hawana budi. Bupe akainuka kwenye mkeka. Alipita mbele yangu bila kunitazama, akapita mbele ya bamdogo na wazee wote bila kuinama, akashika njia ya nyumbani kwa bamdogo kuwachukua watoto wake. Hakuomba ruhusa kwa mtu.